Kaburi kwa Herufi ya L

Dada yangu ni mkubwa kwangu, lakini tulisoma darasa moja. Tulipohamia Kawangware kutoka Kitui, shule ilituweka pamoja kwa sababu nafasi ilikuwa katika darasa hilo tu. Nikakaa naye dawati moja, na yote aliyofanyiwa niliyaona kwa macho yangu.

Katika lugha ya mama yetu hakuna sauti ya r. Kiswahili chake, ambacho ndicho tulichokuja nacho mjini, kilikuwa kikifika penye r kinapita na l. Barabara ilikuwa balabala. Habari ilikuwa habali. Hata Nairobi yenyewe, tuliyoijia kwa basi tukiwa tumepakata magunia, ilikuwa Nailobi. Nyumbani hakuna aliyeona kasoro. Baba alikuwa mwashi na alisema vivyo hivyo, na hakuna aliyewahi kumrudisha nyumbani kwa sababu hiyo.

Siku moja baba alianguka kutoka kwenye mbao za ujenzi, juu ghorofani, akafa kabla hajafikishwa hospitali. Tulimzika Kitui, kisha tukarudi mjini, kwa kuwa kibanda cha mama cha mboga hakikuweza kukaa kimefungwa.

Hazikupita siku nyingi mwalimu wa Kiswahili akatupa insha: siku ambayo sitaisahau. Wengi wetu tulibuni. Mimi niliandika juu ya mbwa aliyenifukuza, na mbwa huyo hakuwahi kuwepo. Dada aliandika juu ya mazishi. Nilimwona akiandika bila kuinua kichwa, na alipomaliza aliusogeza ukurasa upande wangu ili nisome.

Aliandika kwamba mama alivua viatu kabla ya kusogea karibu na shimo, kama mtu anayeingia chumba ambacho kuna aliyelala. Aliandika kwamba udongo wa kwetu ni mwekundu, ukamwingia mama katikati ya vidole, na mama akakataa kuosha miguu mpaka tulipofika Kawangware. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale kando ya mama, na sikuwa nimeyaona hayo mpaka nilipoyasoma.

Kesho yake mwalimu alimwita mbele ya darasa.

"Soma sentensi hii," alimwambia, akiweka kidole kwenye ukurasa.

"Baba yangu alifaliki, tukampeleka kabulini."

"Mkampeleka wapi?"

"Kabulini."

"Kabul iko Afghanistan," mwalimu alisema, akageukia darasa. "Kumbe babake huyu alizikwa Afghanistan. Mlienda na ndege?"

Darasa lilicheka mpaka wa darasa jirani wakachungulia dirishani. Mwalimu aliacha wacheke washibe, kisha akamwambia dada aseme kaburi. Ka-bu-ri. Dada alijaribu. Ulimi ukaleta l. Akajaribu tena, huku machozi yanamdondoka kwenye kola, na l ikaja tena, na kila ilipokuja kicheko kilianza upya. Aliporudi dawatini niliutazama ukurasa wake. Kila l iliyokaa mahali pa r ilikuwa imezungushiwa duara jekundu. Neno jingine la mwalimu halikuwepo, hata lile la pole ambalo jirani asiyetujua alitupa tuliposhuka basi.

Kuanzia siku hiyo jina lake lilikuwa Afghanistan. Kwenye foleni ya uji aliitwa Afghanistan. Njiani kwenda nyumbani, vijana waliokaa nje ya kinyozi, ambao hata hawakuwa wa shule yetu, walimwita, "Niaje, Afghanistan!" Mama alilisikia, akauliza ni nini hicho. Dada akamwambia ni mchezo wa shule.

Hakuacha shule mara moja. Aliacha kuandika. Yaani alipopewa insha alitafuta maneno yasiyo na r wala l, akayapanga polepole. Nilikaa kando yake nikamwona akiandika: Huyu ni mama. Mama ana kikapu. Mtu yule yule aliyeandika juu ya miguu ya mama na udongo wake! Mwalimu aliweka alama ya vema, akampongeza mbele ya wote kwamba sasa anajitahidi.

Shule ya msingi ilipokwisha hakuendelea. Hakuna aliyemfukuza. Asubuhi moja alijifunga kitambaa kichwani, akafuatana na jirani kwenda kutafuta kazi ya kufua nguo kwenye nyumba za watu, na mpaka leo anafua. Mimi nilijifunza r kwa woga, nikiitetemesha nyuma ya choo ambako hakuna aliyenisikia, nikafaulu. Nikawa mwalimu wa Kiswahili katika shule ndogo huko Lindi, Kibera. Dada aliolewa, wakaachana, akapanga chumba Gatwekera, humo humo Kibera, na binti yake, na binti huyo akaja kuwa mwanafunzi wangu. Dada akitaka kuniambia jambo kwa simu hutuma sauti. Hajawahi kuniandikia hata neno "sawa".

Mwaka jana nilimsindikiza mama kanisani Kawangware, nikakutana na yule mwalimu wetu. Amestaafu, ana mvi, na alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Nasikia unafundisha Kiswahili," alisema. "Mimi huwaambia watu kila siku, ukali wangu haukuenda bure."

"Unamkumbuka dada yangu?"

Alikunja uso akifikiri.

"Tulikaa dawati moja," nikamwambia.

Uso wake ukang'aa. "Ah! Afghanistan!" Alicheka kwa furaha ya mtu aliyekutana na kitu alichokuwa amekipoteza. "Yeye aliishia wapi?"

"Anafua nguo za watu."

"Kazi ni kazi," alisema, na akamgeukia mtu mwingine kumsalimia.

Nilikuwa bado na uchungu wa siku ile wakati mwalimu mkuu wa shule yetu alipotuita mkutanoni. Alitwambia mambo yamebadilika, tusihangaike tena na tahajia. Mtoto aandike anavyosikia, muhimu ajieleze. Simu zitamsahihisha akiwa mkubwa. Kusema kweli nilifurahi. Nilimwona akilini yule mzee wa kanisani na kalamu yake nyekundu, nikasema moyoni, haya, imekwisha. Jumapili nilikwenda Gatwekera mbio mbio kumpa dada habari hiyo. Nilimkuta akianika nguo.

"Hawatasahihishwa tena," nikamwambia. "Hakuna mtoto atachekwa."

Alibana nguo kwenye kamba kabla ya kunijibu. "Kwani kuchekwa na kusahihishwa ni kitu kimoja?"

Niliokota nguo nyingine kwenye beseni, nikampa.

"Mimi nilitaka tu yule mwalimu aniambie," alisema. "Aniite kando, aseme, msichana, hapa ni r, si l. Halafu anipe pole ya baba. Ni hiyo tu nilikuwa nataka. Sasa wewe unakuja kuniambia mtoto wangu asiambiwe kabisa?"

"Wanasema simu..."

"Simu gani? Wewe mwalimu mzima unaniambia simu?" Akainua beseni, akaingia ndani. Sikukaribishwa chai siku hiyo.

Jumamosi iliyofuata nilipita shuleni kuchukua vitabu. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi. Mwalimu mkuu alikuwa ameketi na binti yake, anayesoma shule ya kulipia upande wa pili wa Ngong Road. Alikuwa akimtajia maneno, mtoto anaandika.

"Hapana," nilimsikia akisema. "Dhambi inaanza na dh. Futa. Andika tena. Tena."

Aliponiona alitabasamu kidogo. "Huyu ana mtihani wa kuingia shule nyingine, mwalimu. Kule wanaangalia sana."

"Na hawa wetu, Madam?"

"Hawa wetu tusiwabane. Maisha yamewabana vya kutosha."

Aliyasema kwa upole, na naamini aliona ni huruma. Mimi nilisimama pale na vitabu mkononi nikielewa kwamba zamani tulipigwa kwa tahajia ili tujue hatufai, na sasa tunaachiwa tuikosee kwa sababu tayari inajulikana tutafika wapi.

Jumatatu nilianza tena kusahihisha. Nilitumia penseli, nikaandika neno sahihi juu ya lile lililokosewa, na chini nikaandika walau jambo moja kuhusu kile mtoto alichokisema. Mwalimu mkuu alinionya. Niliendelea. Shule ilipofunguliwa muhula uliofuata nikakuta darasa langu limepewa kijana mgeni, nami nimepelekwa chekechea, kupangusa makamasi na kuimba namba. Sikuacha kazi. Sina kwingine pa kwenda.

Kwa hiyo siku hizi binti ya dada huja chumbani kwangu Jumamosi mchana, na dada humleta mwenyewe, kisha huketi mlangoni akikata sukuma wiki ya jioni. Nimemwomba mara kadhaa aingie naye aandike chochote. Hujibu kwamba mambo hayo alishamalizana nayo.

Wiki iliyopita binti aliandika juu ya mikono ya mama yake, jinsi sabuni inavyochubua ngozi katikati ya vidole na jinsi anavyoificha mikono hiyo chini ya leso akiwa kanisani. Nilipoyasoma nililazimika kutoka nje kidogo. Niliporudi nilimwambia ainuke amsomee mama.

Alisoma yote, polepole, kwa sauti nzuri. Dada hakuacha kukata mboga. Nilimtazama usoni nikingoja, kwa sababu najua katika watu wote ninaowajua ndiye angeweza kusikia vizuri zaidi kilichokuwa ndani ya maneno yale. Binti alipomaliza alisimama akimwangalia.

"Kuna makosa?" dada aliuliza.

"Hakuna, mama. Anti ameangalia."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Haya," dada alisema, na akavuta kifungu kingine cha sukuma.