Kofia za Bi Thuyên

Hapa mjini Hue, washona kofia za majani huweka karatasi zenye mashairi kati ya matabaka mawili ya majani. Ukiinua kofia juani, maneno yanaonekana. Jirani yangu Bi Thuyên alikuwa fundi wa kazi hiyo, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko sindano yake.

Mwaka ule, sikukuu ya kuzaliwa kwa Buddha ilipokaribia, serikali ilipiga marufuku bendera yetu ya dini. Siku chache tu nyuma bendera za kanisa zilikuwa zimepepea mji mzima, na hakuna aliyefungua kinywa! Sajini mmoja wa polisi akaja akaichana bendera ya Bi Thuyên mlangoni.

"Ukirudia, shangazi, kibanda chako cha sokoni tunakivunja."

Kibanda hicho ndicho kilichomlisha yeye na mjukuu wake yatima. Nikamsihi anyamaze, nikamkumbusha kwamba kwa shujaa huenda kilio.

"Basi njoo ulie," akanijibu, "ila uje na uzi."

Akakata karatasi za buluu, njano, nyekundu, nyeupe na chungwa, rangi tano za bendera yetu, akazishonea ndani ya kofia badala ya mashairi. Siku ya maandamano ya sikukuu wanawake wa soko tukazivaa. Darajani sajini akatuzuia.

"Bendera mmezificha wapi?"

"Bendera gani, mwanangu? Sisi tuna kofia tu," alisema Bi Thuyên.

"Hebu zivueni tuwapekue!"

Tukavua kwa utii. Jua la asubuhi lilikuwa nyuma yetu, nasi tukazinyanyua kofia juu ya vichwa kana kwamba tunajikinga jua. Daraja zima likajaa bendera. Askari mmoja aliangua kicheko, akajifanya anakohoa.

Sajini hakucheka. Jioni ile kibanda kilikuwa rundo la mbao. Nililia kwa hasira. Mwenyewe hakutoa chozi, alikwenda kumpikia mjukuu wake uji.

Asubuhi nilimkuta ameketi chini, palepale kilipokuwa kibanda, anashona. Sajini naye akatokea.

"Shangazi, bado hujakoma tu?"

"Nimekoma, mwanangu. Nimekoma kuficha."

Akaigeuza kofia. Safari hii karatasi zilikuwa nje, rangi zote tano, na akaivaa mbele ya macho yake.

Nikatoa uzi kikapuni, nikaketi kando yake.