Zambarau Nyuma ya Njano

Chumvi ile ilitoka kwa mama mdogo wangu anayeishi Bafwasende. Yeye huchoma majani ya mtoni, huchuja majivu, kisha huchemsha maji yake mpaka yabaki magamba ya kijivu. Fizikia nimejifunza kwenye simu, bila mwalimu, na chumvi hiyo ndiyo ilikuwa cheti changu. Ina potasiamu, ambayo motoni hutoa rangi ya zambarau. Niliisafisha tena na tena kwa hofu, maana chembe chache za chumvi ya dukani hufunika kila kitu kwa njano.

Wanafunzi wa kikundi kimoja hapa Kabondo walikuwa tayari kunipokea kama ningewaonyesha jaribio moja tu. Kwetu bati linavuja, kwa hiyo pakiti ya chumvi nilimpa aniwekee mtu ninayemwita yaya kwa kuwa amenizidi umri, jirani yangu na mwenzao kikundini. Jioni nyingi nilikuwa nimemweleza mambo haya uani kwao.

Siku yenyewe nilichovya waya kwenye chumvi, nikauingiza motoni. Njano tupu.

"Bon, profesere wa simu," mmoja akasema, "hiyo njano hata mama anaipata sombe ya majani ya muhogo ikifurika na chumvi yake motoni!"

Wakacheka. Nikaosha waya, nikarudia. Njano. Ndipo yaya akatoa pakiti ndogo kwenye mkoba wake, akachovya waya humo. Moto ukawa zambarau.

"Elektroni iko kama mutu kwenye ngazi za bandari," akaeleza. "Joto inamupandisha. Akishuka, anatoa mwanga. Hawezi kusimama katikati ya ngazi mbili, donc kila atomi iko na rangi zake."

Ngazi za bandari ni mfano wangu. Nilikuwa nimempa yeye peke yake. Wakampigia makofi.

Nyumbani nilimwaga pakiti yangu kwenye sahani: punje nyeupe za chumvi ya dukani zilimetameta kati ya magamba. Nikaichoma, nikatazama kupitia kipande cha chupa ya buluu, glasi inayomeza njano. Zambarau yangu ilikuwepo nyuma yake muda wote.

Nikaenda na kile kipande kwake. "Yaya, ulichanganya?"

"Leki, mdogo wangu, wewe hauna hata diplome. Wangekusikiliza wewe?"

Sikumwonyesha glasi. Nilirudi nikilia njiani, na nasema kwa aibu: kichwani nilikuwa nasahihisha maelezo yake, neno kwa neno, nikitafuta kosa. Sikulipata.