Fundi Aliyempima Mama

Yule fundi cherehani wa Punta Arenas, kusini kabisa mwa Chile, alipasha mikono moto jikoni kwanza, ndipo akamgusa mama. Harusi yangu tuliipanga iwe Julai, kwenye theluji, maana ukumbi miezi hiyo hukodishwa nusu bei. Kila wiki alilipunguza gauni la mama, lililozidi kumpwaya.

"Unaniibia kitambaa wewe!" mama alimtania.

"Nilikosea vipimo, dada. Macho yamezeeka."

Wiki ya nne nilimsindikiza fundi hadi getini, akanishika mkono. "Yasna, mwanangu, usingoje ukumbi. Olewa Jumamosi hii."

"Hata keki hatuna!"

"Lakini mama bado unaye."

Tulifunga ndoa jikoni, tukala supu ya kondoo. Mama alicheza wimbo mmoja kwa mabega tu, akiwa ameketi. Jumanne tulimzika.