Keki ya Aliyevuruga

Katika kampuni moja ya Odense inayowauzia mafundi rangi na misumari, aliyevuruga kazi huoka keki. Ni desturi ya ofisi nyingi za Denmark, na haina msamaha: umeangusha mitambo leo, kesho unakuja na sinia. Vibeke Damgaard, mwandishi wa programu, alikuwa bingwa wa keki hizo, na wala hakuona haya.

Enzi hizo programu ya kampuni ilikuwa moja, kubwa, yenye ghorofa tatu: juu kurasa anazoziona mteja, katikati hesabu na kanuni, chini hazina ya taarifa. Wote waliishughulikia katika chumba kimoja. Vibeke akigusa kanuni ya bei, upande wa bohari aliouangalia mwenzake Asger unapiga chafya, na skrini za wengine zinazimika. Hapo Asger husimama na kupaza sauti, "Nani tena? Vibeke, washa oveni!" Watu hucheka, humtania, na kesho yake humzunguka wakila brunsviger, mkate laini uliomiminiwa siagi na sukari ya kahawia. Kwa mwanamke aliyeachika, anayekula chakula cha jioni na redio, ile ndiyo ilikuwa familia.

Kisha wakubwa wakataka programu ivunjwe iwe huduma ndogondogo: ya bei kivyake, ya bohari kivyake, ya malipo kivyake, kila moja na watu wake na chumba chake, zikiulizana na kujibiana kupitia mlango mmoja tu. Vibeke akapewa huduma ya kumwambia mteja mzigo wake utafika siku gani. Ilikuwa ndogo, ikamtosha mtu mmoja, huko mwisho wa korido. Tena kanuni iliyosifiwa kuliko zote aliitunga yeye: huduma jirani ikinyamaza, usiisubiri, ipite, endelea na kazi. Kosa la mmoja lisimsumbue mwingine. Walimpigia makofi. Keki zikakoma, maana hapakuwa tena na wa kuumizwa. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na Vibeke hakumlilia mtu.

Mwaka ule serikali ilipoifuta Siku Kuu ya Maombi, sikukuu ya kanisa ambayo watu hawakufanya kazi, alitakiwa kuiondoa kwenye kalenda ya huduma yake. Akaiondoa Alhamisi, bila kujua akafuta na kalenda nzima, akaenda zake nyumbani, Ijumaa akiwa likizo. Jumatatu ndipo alipokuta huduma imekufa. Mtu mwingine angetokwa jasho. Vibeke alifurahi, akafurahi mpaka akajionea aibu. Akaifufua, jioni akakanda unga, na Jumanne akaweka sinia jikoni mwa ofisi, akawaandikia wote: "Nimevuruga. Njooni mle."

Wakamjibu kwa alama za vidole gumba tu. Kahawa ikapoa. Alichotaka kilikuwa kidogo sana: mtu mmoja aingie na kusema kwamba aliliona pengo lake, hata kama ni kwa kumgombeza.

Mwishowe akaingia Asger, ameshuka kutafuta maziwa.

"Enhe! Nani kazaliwa leo?"

"Hakuna. Huduma yangu ilikufa tangu Alhamisi."

"Acha wewe! Mbona sisi hatujasikia kitu? Mauzo kama kawaida."

"Na wateja?"

"Waliandikiwa 'tutakujulisha', wakalipa, wakaenda zao. Si ndiyo kanuni yako hiyo? Jirani akinyamaza, mpite. Hongera, bibie, inafanya kazi!" Akajikatia kipande kinene.

Vibeke akajitahidi kutabasamu. Kumbe angeweza kutoweka yeye mwenyewe, na duka likauza rangi vilevile. Lilimuuma sana hilo, akachukua kisu, akaendelea kukata keki.

"Usinune basi," Asger akasema, mdomo umejaa. "Hata yangu ilikufa Januari. Siku mbili nzima. Ulijua?"

"Januari? Hapana. Mbona hukupiga kelele?"

"Nimpigie nani? Kila mtu na mlango wake siku hizi. Na mwenyewe sikuwepo. Nilikuwa Svendborg, namzika mama."

Vibeke akaweka kisu chini. Huduma yake huiuliza ya Asger kutwa nzima kama mzigo upo bohari. Basi Januari iliuliza, haikujibiwa, ikapita, kama alivyoifundisha.

"Asger. Sikujua."

"Ungejuaje, na wewe nawe." Akacheka kidogo. Halafu kicheko kikamwishia, akabaki ameinamia kile kipande chake.

Simu ya Vibeke ikalia kumwita mkutanoni. Akaizima, akavuta kiti, akasubiri.