Watu wa Turubai

Hapa Segese na vijiji vya jirani, gari la parokia yetu likipita polepole watu huacha kuongea. Ni pikapu nyeupe, kuukuu, na ikiwa tupu hakuna anayeijali. Lakini ikiwa imebeba yale masufuria makubwa meusi, moja ndani ya jingine, na chini yake turubai la bluu, kila aliye barabarani huanza kuwawaza wagonjwa anaowafahamu. Vijana wa kijiwe cha bodaboda ndio pekee wanaothubutu kutusemesha.

"Shikamooni, watu wa turubai. Leo mnamfuata nani?"

Tunaitikia marahaba na kupita. Hatumtaji mtu kabla ndugu zake hawajaambiwa.

Jina letu halisi ni kikundi cha matendo ya huruma. Tunawapelekea wazee unga, tunawakandikia wajane kuta zilizobomoka, tunamsindikiza katekista anapowapelekea wagonjwa komunyo. Hayo watu hawayakumbuki. Wanakumbuka kwamba siku mtu anapokufa na ndugu zake wako mbali, kama walivyo ndugu wa wengi machimboni, sisi ndio tunaotandika turubai uani kwake, tunapika na kuchimba kaburi.

Mimi nilifika Segese nikitokea Isaka, ambako nilikuwa nikishusha magunia bandari kavu. Kabla ya hapo nililinda kiwanja cha mtu Ibadakuli, kazi niliyoipenda kwa sababu ya ndege zilizokuwa zikishuka karibu. Shule niliiacha nikiwa darasa la sita. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kutaka kuona kilichopo mbele, na nikishakiona, naondoka. Segese nilikusudia kukaa mpaka nipate nauli ya Geita. Nikapata kibarua kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na mwenzetu mmoja pale akafa kwa homa. Hakuna aliyejua kwao. Wakaja watu wa parokia, wakamzika kama mtoto wao. Nikamwuliza mwenyekiti wao, mama mrefu anayeuza mchele sokoni, anajuaje kama ugali wa sufuria kubwa namna ile umeiva katikati.

"Geuza, utajua," alisema, akanipa mwiko.

Nauli ya Geita nimeshaipata mara nyingi. Sijaondoka.

Turubai lenyewe lina msalaba mweupe katikati, mkubwa kama mlango. Katekista aliuchora kwa rangi ya mafuta baada ya turubai la kwanza kuibiwa na kwenda kuwa kivuli cha kilabu cha pombe. Alisema hakuna mnywaji atakayekaa chini ya msalaba akafurahi. Alisema kweli, na tangu hapo hata sisi wenyewe hatulitandiki kwa jambo lolote la furaha. Mama mmoja aliwahi kuliomba kwa ajili ya harusi ya binti yake, mwenyewe akarudi kesho yake kusema amepata jingine.

Asubuhi ninayoikumbuka, simu ilimkuta mwenyekiti akipima mchele. Duara limetitia, aliambiwa. Yaani lile shimo la kuteremkia kwenye dhahabu limejifunga, na kuna mtu chini. Akakata simu, akasema, "Pakieni." Hakuna aliyeuliza tupakie nini. Tukapakia masufuria, mchele, mikeka, kisha mimi na katekista tukalibeba turubai kutoka stoo, huku na huku, tukalitupia kwenye gari. Mikono ilifanya ilichozoea. Tulikuwa tumeitiwa mtu aliyefukiwa, tukapakia vitu vya msiba.

Machimbo yale yako porini, mwendo mfupi wa pikipiki. Tulipofika, sauti zilizimika kama zilivyozoea. Wanaume waliokuwa wakigombania koleo waliliona gari, wakaziacha. Mmoja alivua kofia. Kando ya lundo la mawe kulikuwa na kibanda cha mama lishe, mwanamke niliyemfahamu kwa chapati zake, na moto wake ulikuwa unawaka. Aliyefukiwa alikuwa mume wake. Wenzake walipanda kunywa chai pale kwake, yeye akabaki chini kumalizia kazi, na matimba, magogo yale yanayozuia kuta, yakaachia.

Mwanamke alisimama.

"Tumsifu Yesu Kristo," mwenyekiti alisema.

"Milele amina. Mmekuja kwa nani?"

"Tumekuja kwako, mwanangu."

"Kwangu kuna nini?"

Yule mwanamke alilitazama gari, akayatazama masufuria, na macho yake yakatulia kwenye ncha ya bluu iliyokuwa inaning'inia nyuma.

"Mume wangu anagonga," alisema. "Wanamsikia. Anagonga mwamba kwa nyundo. Ninyi mmekuja na hilo. Geuzeni gari."

"Tumeleta na chakula, mama," katekista alijaribu.

"Chakula cha nani? Mimi ninapika. Atatoka na njaa."

Kweli alikuwa anapika. Sufuria yake ndogo ilikuwa na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na harufu ya karanga ilikuwa inasikika.

Msimamizi wa winchi, mtu wa Kigoma, Mwislamu, ambaye kwa kawaida hututania kila akituona, alikuja huku anajifuta udongo usoni. Siku ile hakututania. "Mama mwenyekiti, hilo gari lipelekeni nyuma ya karasha. Vijana wangu wameingia kwa duara la jirani, wanatoboa kumfuata. Wakipanda kupumua wakaliona, mikono yao italegea."

"Na sisi tukae wapi?"

"Kaeni popote. Ila msikae kama mnavyokaa."

Nilielewa alichosema. Tulikuwa na namna yetu ya kukaa: kina mama miguu imenyooka mkekani, kanga kichwani, mikono mapajani. Tukalificha gari, na kina mama wakakaa juu ya mawe kama watu wanaosubiri usafiri. Wali ulipikwa kulekule nyuma. Wachimbaji walikuja kula mmojammoja, wamesimama, bila kunawa vizuri. Mwanamke hakugusa hata maji yetu. Nilimpelekea kikombe, akakichukua kwa heshima, akasema wabeja, asante ya Kisukuma, akakiweka chini, na nzi wakaanza kukizunguka.

Mimi siwezi kukaa. Nilikwenda kwenye mdomo wa lile duara la jirani, nikamwuliza msimamizi anajuaje kwamba kinachosikika ni nyundo na si maji.

"Maji hayachoki," alisema. "Yeye anachoka. Anagonga, anapumzika."

"Sasa hivi amepumzika?"

"Amepumzika tangu saa ile mlipofika."

Akaniambia nisimwambie mke. Lakini mke alikuwa amekwishajua. Alimtazama usoni kila kijana aliyepanda, na kila mmoja akajifanya anatafuta maji ya kunywa. Alichochea moto. Akaongeza maji kwenye michembe iliyokuwa imeiva zamani.

Alasiri wingu lilisimama upande wa Geita. Kwanza lilikuwa la kijivu, kisha likawa jeusi chini na jeupe juu, na upepo ukaanza kuvuta vumbi la karasha kuelekea kwetu. Ng'ombe wa mfugaji mmoja waliokuwa wanachungwa kando waligeuka wenyewe kurudi nyumbani. Wachimbaji wote walitazama juu. Lile duara la jirani liko bondeni kidogo, na nailoni iliyokuwa juu yake ilichanika asubuhi watu walipokuwa wanakimbilia kuokoa. Maji yakiingia, waliokuwa chini wangelazimika kupanda, na udongo ungelainika tena. Wangeokolewa wao na yeye angeachwa.

Msimamizi alikuja nyuma ya karasha. Safari hii alimfuata katekista. "Lile lenu ni pana?"

"Linafunika ua mzima."

"Basi lileteni."

Katekista alishika ncha. Mwenyekiti akamshika mkono. "Siwezi kulifungua mbele yake bila yeye."

"Mama, mvua haitasubiri."

"Asubuhi sisi nasi hatukusubiri, tukamletea msiba mkononi. Mwulizeni."

Wote wakanitazama mimi, labda kwa sababu ndiye niliyezoea kuuliza. Nilikwenda nikachuchumaa upande wa pili wa moto wake. Nilikuwa nimetafuta maneno njiani, yote yakanitoka.

"Dada, mvua inakuja. Wanalitaka turubai."

"Kulitandika?"

"Juu ya duara. Maji yasiwakute vijana."

Tone la kwanza lilianguka kwenye jivu, likatoa kivumbi kidogo.

"Mara ya mwisho lilikuwa kwa nani?"

Nilimwambia ukweli. Lilikuwa kwa mzee mmoja karibu na josho la ng'ombe.

"Lilioshwa?"

"Niliosha mimi."

"Hujaona kama linamtafuta mtu?" aliuliza, na sijui kama alitaka jibu. Kisha akasimama, akafunga kitenge vizuri kiunoni. "Ligeuzeni. Msalaba uangalie chini. Mtu yeyote asiuone."

Tukalifungua. Lilikuwa zito kuliko nilivyolizoea. Tulilipitisha juu ya miti ya winchi, lakini ncha hazikuwa na pa kufungiwa, kwa hiyo watu wakazishika kwa mikono: wachimbaji, kina mama wa parokia, mfugaji aliyewaacha ng'ombe wake waende. Mwanamke alishika ncha moja. Mvua ikashuka yote kwa pamoja. Maji yalijikusanya katikati, turubai likabonyea kuelekea shimoni, na tukawa tunalinyanyua kwa mpigo ili yamwagike nyuma yetu. Mikono yangu ilikufa ganzi. Hakuna aliyeimba, hakuna aliyesali kwa sauti. Msimamizi pekee ndiye aliyesema kitu. Aliinua macho, akauona msalaba ukining'inia juu ya kichwa chake, akasema, "Katekista, leo umenibatiza bila mafundisho." Watu wawili watatu walicheka, kisha wakanyamaza kama waliofumaniwa.

Mwanamke hakucheka. Alikuwa anaiangalia kamba ya winchi iliyoteremka shimoni.

Kamba ikatikiswa. Msimamizi akawasha winchi. Ilivuta polepole sana, na kwa namna ilivyolia tulijua imebeba kitu kizito kisichojisaidia. Nafikiri kila aliyeshika turubai alikuwa amekwishaanza kulipeleka mahali pengine kichwani mwake, uani kwa huyu mama, karibu na mlango.

Alitokea akiwa amefungwa kwenye kamba, mwekundu wa udongo mwili mzima, mguu umegeuka vibaya. Walimlaza chali. Akafumbua macho. Mwanga uliokuwa unapita kwenye turubai ulikuwa wa bluu, na katikati yake msalaba, na pembeni nyuso zetu zote tukimwinamia.

"Mmeshanizika," alisema. Hakuwa anauliza.

"Hujazikwa," mke wake alimjibu, bado ameshika ncha yake. "Hujala."

Tulimpeleka hospitali kwa pikapu ileile, amelazwa katikati ya masufuria maana hapakuwa na nafasi nyingine. Mvua ilikuwa imekatika. Njia nzima watu walisimama, wanaume wakivua kofia, na yeye, kwa maumivu yote yale, akawa anawainulia mkono. Mama mmoja mwenye ndoo kichwani aliiacha ikaanguka. Mkewe alikuwa amekipakata kile kisufuria cha michembe, akimlisha kwa vidole. Na sisi alitupa. Tulikula.

Ningependa kuishia hapo, lakini hayakuishia hapo. Mguu ulipona ukiwa mfupi kidogo. Alikaa kibandani akikata kuni, akigombana na unga wa chapati, na watu wakampa jina la marehemu, wakimwita hivyo kwa mapenzi. "Marehemu, chai moja." Alikuwa anacheka. Kisha kule alikofukiwa wakachimba duara jipya, pembeni kidogo, na habari zikaja kwamba mwamba umeonyesha dhahabu. Asubuhi moja kibanda kilikuwa na mama peke yake; mumewe alikuwa amerudi chini.

Jumamosi iliyofuata mama huyo alikuja parokiani. Hatukumwita. Mwenyekiti alimpa ufagio, yeye akasema anataka kuosha turubai. Tangu hapo ni kazi yake. Analisugua kwa brashi kwenye saruji nyuma ya kanisa, anashona palipochanika, na tukishalianika mimi na yeye ndio tunaolikunja. Katika misiba anakaa na wafiwa bila maneno mengi, na wanampenda. Simu ya mwenyekiti ikilia tukiwa pamoja, sote tunaitazama simu. Yeye anamtazama mwenyekiti usoni.

Jumamosi iliyopita tulikuwa tunalikunja pale nje, kila mmoja na upande wake, pikipiki ikapita barabarani kuelekea machimboni. Aliyebebwa nyuma alikuwa mumewe, ule mguu mfupi ameunyoosha pembeni. Alipiga mluzi. Mkewe hakuinua kichwa mpaka mlio ulipopotelea nyuma ya karasha. Anga lilikuwa jeupe, kavu, ila upande wa Geita kulikuwa na kitu kidogo cha kijivu ambacho wote wawili tulikiona.

Nilianza kulikaza turubai kwa goti, kama ninavyofanya siku zote, ili lipate nafasi stoo chini ya masufuria.

"Usilibane hivyo," aliniambia. "Na usiliweke chini. Liweke juu, karibu na mlango."

Nikamwuliza kwa nini.

"Siku ikiwa ni yeye, nisihangaike kulifungua."