Mgongo Alioufuma Mama

Wateja wakija kwenye chumba changu cha kazi hapa Namakwekwe, Mbale, huniuliza mitindo ya masweta yangu naitoa wapi. Huwa nawaonyesha mlima Wanale kupitia dirishani. Nawaambia mvua ikinyesha maji hushuka kwenye lile jabali jeusi kwa mistari mitatu myeupe, na mistari hiyo ndiyo mnayoiona kwenye kadigani zangu. Wanafurahi, wananunua, wanaondoka. Si uongo. Kadigani ya Wanale naipenda. Sweta lenye rangi za kawa za bibi yangu, zile za kufunikia chakula, nalipenda zaidi, ingawa lilinila miaka miwili na mkono mmoja umepinda mpaka leo. Lakini kazi ninayoipenda kupita zote siiuzi wala siionyeshi, na mama mmoja aliyenisihi sana aione nilimfokea mpaka akasahau mkoba wake.

Ni sweta la rangi ya damu ya mzee, na halijawahi kushonwa likawa kitu kimoja. Kifua nilifuma mimi. Mgongo alifuma mama.

Tulikaa Walukuba, Jinja, mimi na mama peke yetu. Baba alikuwa askari, akafa kwa maradhi mimi bado mdogo. Sisi ni Wanubi. Babu zetu waliletwa huku kutoka Sudan wakiwa wanajeshi, na Kiswahili ndicho tulichotumia nyumbani hata kugombana. Majirani wengi hawakupenda kukisikia. Kwao kilikuwa lugha ya askari, ya kuamriwa lala chini.

Mama alijifunza kufuma kambini kwa wake za maaskari, akanifundisha. Kazi ikitakiwa haraka tuliigawana, yeye mgongo, mimi kifua, tumekaa mkeka mmoja. Sharti lake lilikuwa mikono yetu iwe sawa. Mfumaji akikaza uzi, kipande kinakuwa chembamba na kigumu, akilegeza, kinatanuka. Kwa hiyo kila jioni tulilaza vipande viwili kimoja juu ya kingine, na aliyekosea alifumua. Aliyekosea siku zote nilikuwa mimi. Halafu kila Ijumaa, akishaswali, mama alifunga uzi mweupe pembeni mwa safu aliyofikia, ajue wiki imekwenda vipi.

Vita vya sabini na tisa vikaanza kusogea. Sweta lile lilikuwa limeagizwa na msimamizi mmoja wa kiwandani, naye alishatoroka na familia yake. Mama anafuma tu.

"Mama, mwenye sweta hayupo," nikamwambia.

"Baridi itakuwepo," akanijibu.

Haya. Jioni moja tukalaza vipande, nikaona ajabu: cha mama kimekuwa chembamba kwa vidole viwili. Mama! Nikacheka, nikamwambia leo unafumua wewe. Hakucheka na hakufumua. Aliendelea hivyo hivyo, amekaza uzi hadi ukamchora alama kwenye kidole cha shahada.

Mtaani watu walikuwa wanasema waziwazi kwamba jeshi likiondoka, sisi ndio tutakaoulizwa. Mama akaamua niende Mbale, kwa mjane mmoja aliyewahi kukaa naye kambini, ambaye alikuwa akipangisha vyumba huku Namakwekwe. Mama mwenyewe akasema hatoki, miguu imemvimba. Nikamwambia basi na mimi sitoki. Tukagombana siku mbili nzima. Nina hasira, sikatai, na nilizirithi kwake. Siku ya tatu akatia kifua cha sweta na sindano zangu kwenye kikapu, akafungua mlango.

"Nenda! Unanichosha macho."

Nikaenda. Sikumuaga. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilitembea mpaka stendi nimenuna. Ndivyo nilivyoachana na mama yangu.

Nilifika Mbale baada ya vizuizi vingi, na kwenye kimoja niliulizwa kabila langu nikajifanya bubu. Ilinichukua zaidi ya wiki kumpata mtu anayethubutu kwenda Jinja. Alikuwa dereva wa pikapu ya vitunguu. Nikamwelekeza: Walukuba, mlango wa kijani, mama mnene mwenye miguu mibovu. "Mwambie nimefika." Akaniuliza kama nina neno jingine. Nikasema sina, maana bado nilikuwa nimenuna. Lo, ujinga wa ujana!

Dereva yule sikumwona tena. Vita vikafika Mbale penyewe, na baada ya vita barabara ikawa haipitiki kwa mtu wa kwetu. Nikabaki sijui kama neno langu lilifika. Kama mama alikuwa bado amenikasirikia, hilo ningeweza kulibeba. Nililoshindwa kulibeba ni kwamba pengine anadhani nimekufa njiani, na anakaa na wazo hilo kila siku peke yake.

Sikuweza kutulia. Nilifuma nimesimama, nilifuma nikitembea kutoka mlangoni hadi dirishani na kurudi, mpaka yule mjane akapiga kelele, "Wewe binti, hebu kaa! Unanizungusha kichwa!" Nilikusanya masweta makuukuu, nikayafumua na kuyafuma upya kwa watu wa mlimani, ambao baridi yao haina mchezo. Waliyasifu kwamba hayapitishi upepo. Yapitishe kwa wapi? Niliyakaza mpaka ukiliweka sweta mezani linasimama lenyewe. Kile kifua cha sweta letu nilikifuma na kukifumua sijui mara ngapi.

Njia ilipotulia, mwishoni mwa mwaka, nikarudi. Nyumba yetu haikuwa na mlango. Walikuwa wameuchukua wote na bawaba zake. Jirani yetu, mama wa Kisoga mwenye shamba Buwenge, alinishika mkono kabla sijaingia, na nilivyoona anavyonishika nikajua. Mama alikuwa amekufa kwa homa, majuma machache tu nyuma. Huyu jirani alikimbilia shambani siku chache baada ya mimi kuondoka. Aliporudi alimkuta mama mgonjwa, akamlisha na kumwosha mpaka mwisho, na watu wa msikiti wakamzika. Vitu vyote vya ndani viliibwa isipokuwa kikapu kimoja alichokificha jirani.

"Kuna mtu alikuja kumwambia nimefika?"

"Mi sijui, mwana wange. Mi nilikuwa Buwenge."

"Aliniulizia?"

Akainamisha kichwa. Hajui kudanganya, huyu mama. "Hapana. Hata siku moja. Mi nilisema, huyu mama iko na roho ngumu. Mtoto amepotea, yeye nafuma tu."

Nilitaka kumpiga. Wallahi, mwanamke aliyemwosha mama yangu, nilitaka kumpiga kofi. Nikachukua kikapu, nikaenda kukaa pale ambapo mlango ulikuwa.

Mgongo ulikuwemo, umebakiza kidogo kumalizika, bado uko kwenye sindano, na nyuzi nyeupe zimepangana pembeni. Nikautafuta uzi wa Ijumaa ya mwisho tuliyokuwa pamoja. Niliutambua kwa sababu ni mimi niliyeukata, kwa meno. Chini yake safu zimebanana. Juu yake, baada ya mimi kuondoka, zimebanana zaidi, hata ukucha haupenyi. Uzi mwingine mweupe. Bado zimebanana. Nikapanda safu tisa nyingine kwa kidole, na kidole kikasimama.

Ilikuwa katikati ya safu. Ingekuwa mwanzoni ningesema alipumzika, akaanza tena na mkono mwingine. Hapana, katikati kabisa. Vitanzi arobaini na kimoja vimekazwa, cha arobaini na mbili kimelegea. Na kinachofuata, na kinachofuata, hadi mwisho wa safu, na safu ya juu yake, na zote mpaka kwenye sindano: mkono wa mama, ule wa zamani, ule ulionifumulisha kila jioni.

Nilihesabu mara tatu. Yule dereva alisimama hapa nilipokaa mimi, akasema neno langu, na mama pengine hata hakuinua macho kutoka kwenye kazi yake. Asingemwambia mtu niko wapi, siku zile zilivyokuwa. Na kuniulizia, amuulizie nani? Alikuwa anajua niko wapi.

Nililia kwa sauti mpaka jirani akatoka akanikalia karibu.

Ni miaka mingi sasa. Uzi wa rangi ile nimeutafuta hadi Kenya, na kifua nimekifuma upya kila mwaka, nimekaa chini, taratibu, kama alivyonifundisha. Jioni navilaza vipande viwili kimoja juu ya kingine. Mgongo wa mama, pale juu alipolegeza, unakizidi kifua changu upana kwa vidole viwili. Aliyekosea bado ni mimi, nami nafumua.