Shangazi Aliyeacha Kutunga

Nilikuwa bado mtoto wa kubebeshwa ule mtungi mdogo wa maji, kule kwetu nje kidogo ya Ikutha, wakati Shangazi Mumbua alipoacha kutunga nyimbo. Alikuwa dada mdogo wa baba, na hakuna harusi iliyofanyika pale bila yeye kuitwa. Alitunga akipepeta mtama, akikamua mbuzi, na sisi watoto tulimwitikia. Ukikosea neno alisimama hapo hapo, akakurudisha nyuma mpaka ulipatie.

Kiangazi kimoja alianza kulala mchana. Hakusuka nywele. Chakula alikigusa tu, akasukuma sahani. Kanisani walimwombea, na mchungaji akamshauri afunge. Susu, yaani nyanya yangu, alikuwa wa kanisa hilo hilo, lakini alikuwa na maelezo yake. Alisema nyimbo mtu hupewa na aimu, mizimu ya watu wetu wa kale, na wakishampa nyingi namna ile, kuna siku watamtaka yeye mwenyewe.

"Watamwita mtoni," alimwambia baba jikoni, nikisikia. "Saa ya jua la utosi, wakati mtu hana kivuli. Akienda peke yake hatarudi."

"Mama, hizo ni hadithi," baba akasema. Lakini hakucheka.

Nikapewa kazi ya kukaa na shangazi. Susu aliniagiza hivi: "Ukiona ameinuka, mfuate. Usimwite jina, kwa sababu hata wao watakuwa wanaliita. Mwimbie. Akikuitikia, amesharudi."

Siku ya soko watu wazima wakaenda kuuza mbuzi. Jua lilipokuwa juu kabisa, shangazi aliinuka kitandani, akapita mbele yangu kama hanioni, akashika njia ya mtoni bila viatu. Mchanga ulikuwa unachoma. Nilimfuata kwa hofu, maana kila kitu kilikuwa kinatokea kama Susu alivyosema.

Mto wetu msimu ule ni mchanga mtupu. Watu huchimba visima ndani yake, na kadiri kiangazi kinavyokaa ndivyo visima vinavyokwenda chini. Kimoja kilikuwa kimeachwa kwa sababu kuta zake zilikuwa zinabomoka, kikazibwa na matawi ya miiba. Shangazi aliyaondoa kwa mikono, akateremka, akakaa chini kabisa na mgongo kwenye ukuta.

"Ndanu, nenda nyumbani," akasema bila kuangalia juu.

"Twende pamoja, Shangazi."

"Nimechoka. Wewe nenda."

Nilitazama miguuni pangu. Kivuli changu sikukiona. Mchanga ulikuwa unamwagika kidogo kidogo kutoka ukingoni, ukimwangukia mabegani, naye haupangusi. Nikajaribu kuimba. Nilichagua wimbo wake wa mbuzi aliyekataa kuuzwa, kwa sababu ndio niliouzoea. Sauti ilitoka kama ya mtu mwenye kwikwi. Niliimba sehemu yangu, nikangoja. Hakuitikia. Nikarudia, nikangoja tena. Mbele zaidi maneno yakanipotea, nikaweka yangu, yoyote yaliyonijia, mradi kusiwe kimya.

"Si hivyo," sauti ikatoka chini.

Nikainama ukingoni nimsikie.

"Mbuzi hakukimbilia kwa jirani. Alirudi kwa mwenyewe kabla mnunuzi hajafika."

"Halafu? Mimi sijui inavyoendelea." Na kweli sikujua.

Shangazi akainuka. Kisha akaweka mguu kwenye ngazi iliyochongwa mchangani, akapanda polepole, akinitajia mstari baada ya mstari kwa sauti isiyo na wimbo wowote, kama mtu anayesoma maagizo ya dawa. Alipofika juu nilimshika gauni kwa mikono yote miwili, nikakataa kuachilia.

Susu aliporudi kutoka sokoni alitukuta tumekaa kwenye ukingo. Alimfunika shangazi kwa leso yake, akatutembeza nyumbani. Jioni alimwambia baba ampeleke hospitali Makindu.

"Si ulisema ni aimu?" baba akauliza.

"Nilisema watamwita. Sikusema nitawaachia."

Baba alitueleza baadaye kwamba daktari alimuuliza shangazi kama huwa anatamani kufa. Hakuna aliyekuwa amemuuliza hivyo, si sisi, si kanisa. Shangazi akajibu ndiyo. Baba akarudi na jina ambalo hatukuwa nalo, unyogovu, na vidonge ambavyo shangazi aliviogopa, akidhani vitamalizia nyimbo zilizobaki. Alivinywa hata hivyo, Susu akiwa amesimama na kikombe cha maji. Ilichukua muda mrefu kabla hatujamsikia akitunga tena.

Mimi sasa naishi mjini Wote, naandika hadithi. Ugonjwa ule ulinifikia pia nikiwa mtu mzima, na kwa miezi mingi sikutafuta tiba, kwa kuwa nilikuwa nimesikia kwamba mwandishi hupata kitabu chake gizani. Sikupata kitu. Nilikuwa nakaa mezani mpaka chai inafanya utando, bila sentensi moja. Kilichorudisha maneno ni kliniki, na usingizi, na dada yangu aliyepiga simu kila siku hata nisipojibu.

Juzi nilikwenda kumwona shangazi. Nilimkuta anachambua ndengu, nikakaa kumsaidia, nikamuuliza kama zile nyimbo zake nzuri zilitoka kwa ule ugonjwa.

"Nikiwa mgonjwa sikutunga hata mstari," akasema. "Watu wakiongea nilikuwa nawasikia kama wako nyumba ya mbali."

"Na ungeambiwa uchague? Nyimbo zote, au usiugue kabisa?"

Alitupa kijiwe, akanitazama kama nimeuliza kitu cha kitoto.

"Ningetoa zote, Ndanu. Nirudishiwe ule wakati."

Tukaendelea na ndengu. Hakuimba, nami sikumwomba aimbe. Ilinitosha kwamba yuko.